Baada ya Simba Kufa

Vijana wenzangu wa kalamu, nina swali moja. Kwa nini katika hadithi zetu za mazimwi, majini na misitu ya ajabu, msichana akishaokolewa tu, ukurasa unaofuata ni harusi? Zimwi linakatwa kichwa, binti anamwangukia shujaa kifuani, ngoma inalia, kwisha habari. Wapo wanaosema huu ni ugonjwa tulioambukizwa na sinema za Kihindi na vitabu vya Wazungu. Mimi nasema twende kwanza Usambara, maana kisa cha namna hii tunacho siku nyingi, tena kimeandikwa kwa Kiswahili.

Mlalo, kama sehemu nyingine za milima ya Lushoto, iliwahi kutawaliwa na Wakilindi, na ukoo huo unaanza na mwindaji aitwaye Mbegha. Habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa Wakilindi katika karne ya 19. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilitolewa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau. Mwanahistoria Steven Feierman naye alikichambua kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, baada ya kukaa na wazee na kuwasikiliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mbegha alizaliwa Ngulu, akaota meno ya juu kwanza. Alikuwa kigego, na kwa desturi za wakati ule kigego hakuachwa aishi. Wazazi wake wakamwacha hai. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akahama, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Siku moja wakaenda pamoja kuwinda nguruwe mwitu. Nguruwe akamuua yule kijana. Mbegha akakimbia, maana angemwambia nini baba mtu?

Hebu tusimame hapo kidogo. Hii ni tukio la kuokoa lililoshindikana. Rafiki anakufa mbele ya mwindaji hodari, mwenye mbwa na mikuki, naye hana la kufanya. Halafu anapanda milima ya Usambara, na kazi yake ya kwanza huko ni ipi? Kuua nguruwe wanaokula mashamba ya watu! Anawapa watu nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Kitabu hakisemi kwamba alikuwa akilipa deni la yule rafiki. Hayo ni maoni yangu. Lakini soma tena mpangilio wa matukio uone kama nguruwe wa pili hana harufu ya yule wa kwanza. Mwandishi wa leo angeita kiwewe, angejaza kurasa tatu za ndoto mbaya. Msimulizi wa zamani alimrudisha mnyama yuleyule tu, akanyamaza.

Kisha Vuga. Usiku Mbegha anamuua simba. Kukicha watu wanauona mzoga, wanashangaa, wanampa mke, na mwishowe wanampa nchi. Haya sasa, hapa ndipo penye harusi yetu! Ila tazama vizuri: ni mapenzi? Mke anatolewa na wakubwa wa mji ili mgeni mwenye nguvu afungwe kwao. Wake wa Mbegha walikuwa mafundo ya kuunganisha nchi, na watoto wao ndio waliokuja kutawala. Mmoja wao, Buge, alikulia Bumbuli kwa wajomba, akarithi kiti cha Vuga. Huyo binti mwenyewe alimwonaje mgeni anayenuka damu ya nguruwe? Hatuambiwi. Tumezoea kusoma kimya chake kama ndiyo.

Na mkombozi naye akageuka. Jina la heshima la mfalme wa Vuga likawa Simba Mwene. Aliyemuua simba ndiye simba. Tukiwa wasomaji wa hadithi tu tungepita tukicheka, lakini historia haikuishia hapo. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, Wakilindi wakapigana wao kwa wao. Semboja akakaa Mazinde, kule tambarare kwenye njia ya misafara, akanunua bunduki. Raia wakakamatwa na kuuzwa pwani, na waliowauza wakiwemo wajukuu wa yule aliyeletwa kuwalinda. Wabondei wakaasi wakawafukuza Wakilindi kwao, na uasi huo ukaitwa Kiva.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie tukio la kuokoa ni la mapenzi au ni la kiwewe, chagua moja. Kwa Mbegha yamo yote mawili, na la tatu ni madaraka. Anayeokoa anapata haki juu ya aliyeokolewa. Hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa tamu.

Shaaban Robert, mtu wa Tanga vilevile, alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili anamwokoa nyoka, kumbe ni Huria, binti wa kijini. Malipo yake yanakuja baadaye, Huria anapomwokoa Adili ndugu zake walipomtosa baharini. Ndugu hao wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku, huku moyo ukimuuma. Ameokoka, lakini usiku haujaisha. Picha ya kiwewe iliyo wazi kuliko hiyo sijaiona katika fasihi yetu.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Ukishamuua simba wako, usikimbilie ngoma. Andika usiku unaofuata: nani hapati usingizi, nani anadai, na binti anasema nini akiulizwa. Akikataa, mwache akatae, hata kama muswada utakosa harusi. Mlalo na Vuga bado wapo wazee wanaolijua jina la Mbegha. Nendeni mkawaulize, na mkiwauliza, msisahau bibi zetu. Huenda wao wanalo lile neno ambalo kitabu hakikuandika.