Kati ya Mnara na Nyota: Maana ya Karata Mbili za Taroti Zinaposomwa Pamoja

Seti kamili ya taroti ina karata 78. Karata mbili zikichomolewa pamoja, jozi zinazowezekana ni 3,003. Tukijali ipi imetangulia, zinakuwa 6,006. Na tukihesabu pia kama kila karata imetoka wima au kichwa chini, tunafika 24,024. Hesabu hii fupi inatosha kuitia shaka dhana iliyoenea kwamba msomaji wa taroti hubeba kichwani orodha ya maana na kazi yake ni kuitamka tu. Hakuna aliyehifadhi maana elfu ishirini na nne. Anachohifadhi ni maana chache za karata mojamoja, kisha anaziunganisha papo hapo, na suala linalostahili kuchunguzwa ni namna anavyoziunganisha. Makala haya yanatetea kwamba maana ya jozi si jumla ya maana mbili bali ni uhusiano, na kwamba uhusiano huo hujengwa kwa utaratibu unaokaribiana na sarufi. Yanatetea pia jambo la pili ambalo wapenzi wa taroti hawatalifurahia: ulegevu uleule unaoipa jozi utajiri wa maana ndio unaoinyima uwezo wa kutabiri.

Wapo watakaopinga tangu mwanzo kwa kusema kwamba kila karata ina maana yake ya asili, na kwamba kazi ya msomaji ni kuipokea, si kuijenga. Historia haiwaungi mkono. Taroti ilizuka kaskazini mwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ikiwa mchezo wa karata kama michezo mingine, ila karata 56 za kawaida ziliongezewa 22 za pekee, nyingi zikiwa turufu. Zile 56 ziligawanywa katika aina nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Mchezaji wa karata wa pwani ya Afrika Mashariki anazijua aina hizo bila kujijua, kwa kuwa kopa, shupaza, uru na pau ni majina ya Kireno ya vikombe, panga, dhahabu na magongo, yaliyosalia katika Kiswahili ingawa picha zenyewe zimebadilika. Hata neno turufu lina nasaba moja na trionfi, jina la kale la turufu za taroti kule Italia. Uaguzi ulikuja kushika nguvu baadaye sana. Mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin alidai mjini Paris, bila ushahidi wowote, kwamba karata hizi ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Naye Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, akafuatia na vitabu vya kufundisha namna ya kuagua kwazo. Michael Dummett aliieleza historia ya mchezo huu kwa kina katika The Game of Tarot (1980). Maana zinazoitwa za asili, kwa hiyo, ziliwekwa na watu, na walioziweka hawakukubaliana.

Mfano mmoja ukitazamwa kwa karibu utaonyesha matokeo ya kutokubaliana huko. Tuchukue Mnara, karata ya 16, na Nyota, karata ya 17, katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na kutolewa London mwaka 1909. Katika Mnara, radi inapiga jengo lililosimama juu ya jabali. Taji kubwa linang'oka kileleni, moto unatoka madirishani, na watu wawili wanaporomoka. Katika Nyota, mwanamke asiye na nguo amepiga goti kando ya maji, mguu mmoja ukiwa juu ya maji yenyewe, akimimina mitungi miwili, mmoja katika dimbwi na mwingine katika nchi kavu. Waite, katika The Pictorial Key to the Tarot (1911), anaupa Mnara maana za dhiki, fedheha na maangamizi. Lakini kwa Nyota anaorodhesha kwanza hasara, wizi, ufukara na kuachwa, kisha anaongeza kwamba usomaji mwingine unasema tumaini na neema ijayo. Anayejumlisha maana hapa amekwama. Maangamizi kujumlisha ufukara ni msiba juu ya msiba. Maangamizi kujumlisha tumaini pengine ni sifuri. Orodha haimwambii achague lipi.

Kinachoamua ni ujirani. Nyota ikiwa peke yake, utupu wa yule mwanamke unaweza kuwa usafi, uzuri au umaskini. Ikiwekwa baada ya Mnara, macho yanaanza kulinganisha: kule moto, huku maji, kule wanaporomoka bila hiari, huku amepiga goti kwa hiari, kule taji linapotea, huku hakuna hata nguo ya kupoteza. Utupu sasa unasomeka kama hali ya aliyebaki baada ya kila kitu kuanguka, na mitungi inayomiminwa ni ishara kwamba hata huyo asiye na kitu bado ana cha kutoa. Maana mbili za Waite zilizoonekana kugongana zinakuwa moja: ufukara ndio mlango wa tumaini. Tukipindua mpangilio, Nyota ikatangulia na Mnara ukafuata, sentensi inageuka. Sasa upole wa maji ndio uliotangulia, na mnara ni kile kilichojengwa juu ya matarajio kabla ya radi. Picha ni zilezile; kilichobadilika ni nafasi.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili, kwani lugha yake inalifanya kila siku. Kifungua kinywa ni chakula cha asubuhi, na kifungua mimba ni mtoto wa kwanza. Asiyejua neno lililofuata hawezi kusema kifungua ni chakula au ni mtu. Mwana katika neno mwanasheria si mtoto wa mtu, mwana katika mwanamaji ni mtu mzima anayefanya kazi baharini, na mwana katika mwanasesere hana uhai kabisa. Mwanafalsafa Gottlob Frege aliweka kanuni hii mwaka 1884 aliposisitiza kwamba maana ya neno iulizwe ndani ya sentensi, si neno likiwa limetengwa. Dummett, mwanahistoria yuleyule wa taroti, alikuwa miongoni mwa wafafanuzi wakubwa wa Frege katika karne ya 20. Waaguzi nao walilihisi hitaji la kanuni. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888 na ambacho Waite na Smith walikuwa wanachama wake, kilifundisha kwamba fimbo ni moto, vikombe ni maji, panga ni hewa na sarafu ni ardhi; karata za moto na maji zikikaa jirani hudhoofishana, vivyo hivyo hewa na ardhi. Mtu anaweza kuikataa falsafa iliyo nyuma ya kanuni hiyo, lakini hawezi kukana kwamba ni jaribio la kutunga sarufi ya ujirani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 1948, Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, akiwaaminisha kwamba kila mmoja ameandikiwa yake. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, na wastani wa alama walizoyapa kwa usahihi ulikuwa 4.26 kati ya 5. Je, usomaji wa jozi si Forer tu aliyevishwa picha? Kwa sehemu kubwa ya usomaji unaouzwa, jibu ni ndiyo. Anayesema juu ya Mnara na Nyota kwamba utapita katika magumu kisha mambo yatanyooka, amesema jambo linalomfaa kila binadamu na karibu kila jozi. Ila pingamizi hili linaupiga usomaji unaopuuza uhusiano, na linatupatia kipimo cha kuutambua: badilisha karata moja. Weka Jua mahali pa Nyota, pamoja na mtoto wake aliyepanda farasi na maua yaliyochanua juu ya ukuta. Ikiwa maelezo yanabaki yaleyale, msomaji hakusoma karata. Alisema alichokuwa nacho tayari. Usomaji unaoegemea mitungi na goti utavunjika mara moja, kwa sababu Jua halina mitungi wala goti. Kinachoweza kuvunjika hivyo kinaweza kuhakikiwa.

Hata hivyo kuhakikiwa kama tafsiri si kuthibitishwa kama utabiri, na hapa ulinganisho na ramli, iliyofika pwani yetu kupitia elimu ya Waarabu, unasaidia. Umbo la ramli lina mistari minne, kila mstari una nukta moja au mbili, hivyo maumbo yote ni 16. Maumbo mawili yakikutana hayangoji fasiri: nukta hujumlishwa mstari kwa mstari, jumla ikiwa witiri huandikwa moja, ikiwa shufwa huandikwa mbili, na umbo la tatu linazaliwa bila mjadala. Zaidi ya hapo, umbo la mwisho linalotoa hukumu lazima liwe na jumla ya nukta iliyo shufwa, kwa hiyo ni maumbo manane tu yanayoweza kufika hapo. Likitokea la witiri, mpiga ramli anajua amekosea hesabu. Ramli ina kosa linaloonekana. Taroti haina kanuni ya kuzaa karata ya tatu kutoka kwa mbili. Ina picha, mpangilio na swali lililoulizwa, na vyote vitatu vinamwachia msomaji nafasi pana. Nafasi hiyo ndiyo iliyowezesha ufukara na tumaini kukutana katika mwanamke mmoja anayemimina maji. Lakini ni nafasi hiyohiyo inayoiruhusu jozi ya Mnara na Nyota ikubaliane na kufilisika na pia na kupona, na kauli inayokubaliana na kila litakalotokea haijatabiri chochote. Wala usahihi wa hesabu hauipi ramli yenyewe habari za kesho. Unaonyesha tu kwamba nukta zimejumlishwa sawasawa. Mahali pa jozi ya taroti, basi, ni pale uhakiki unapoweka shairi au mchoro: tunauliza kama fasiri imezibeba karata zote mbili na kama ingebadilika moja ikibadilishwa. Swali la nini kitampata aliyezichomoa halimo ndani ya karata hizo.