Uchafuzi unavyodhuru viumbe wa Ziwa Victoria katika Migori na Homa Bay

Ziwa Victoria, ambalo wakazi wa Kaunti za Homa Bay na Migori hulitegemea kwa samaki, maji na usafiri, hupokea uchafu mwingi kuliko linavyoweza kuuondoa. Mito mingi humwaga maji yake humo, lakini unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Takriban asilimia 80 ya maji yanayopotea ziwani hugeuka mvuke. Mvuke haubebi mbolea wala udongo. Vitu hivyo hubaki nyuma na kujilimbikiza.

Kenya inamiliki takriban asilimia 6 ya ziwa hilo. Sehemu kubwa ya fuo za Homa Bay imo katika Ghuba ya Winam, yenye maji ya kina kifupi na inayoungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na Kisiwa cha Rusinga. Migori nayo inapakana na ziwa kuu, kuanzia Karungu hadi Muhuru Bay. Kaunti hizi jirani zinakabiliwa na uchafuzi wa aina mbili: mmoja huua samaki hadharani, mwingine huingia miilini mwao bila dalili yoyote.

Rutuba inapozidi

Mvua inaponyesha katika nyanda za juu, mito kama Sondu-Miriu hubeba udongo na mbolea kutoka mashambani hadi kwenye ghuba. Majitaka ya miji huongezea. Madini ya fosforasi na nitrojeni yaliyomo hurutubisha mwani, nao hustawi hadi maji yakawa ya kijani kibichi.

Mwani huo unapokufa huzama na kuoza. Bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na maji ya chini hubaki bila hewa ya kutosha. Upepo au mabadiliko ya hali ya hewa yakiyapandisha maji hayo juu, samaki hukosa pumzi. Walio huru wanaweza kukimbia. Wanaofugwa kwenye vizimba hawana pa kwenda. Mnamo Novemba 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba katika Kisumu na Homa Bay walipata hasara kubwa samaki wao walipokufa kwa wingi, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo.

Isitoshe, baadhi ya viumbe hao wa kijani, hasa jamii ya Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini. Kuyachemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Familia inayoteka maji ziwani yanapokuwa ya kijani kibichi haiwezi kutegemea sufuria pekee kujikinga.

Magugumaji nayo hulishwa na rutuba iyo hiyo. Yalianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye yakaziba fuo na bandari za ghuba. Fukusi walioachiliwa miaka ya 1990 wayale waliyapunguza sana, lakini hayajatoweka. Chini ya zulia hilo mwanga na oksijeni hupungua, na konokono wanaoeneza kichocho hupata maskani. Kamongo na mumi, wanaoweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji, huvumilia hali hiyo kuliko samaki wengine.

Fulu na maji yaliyochafuka

Kutoweka kwa mamia ya aina za fulu kumehusishwa zaidi na mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 na Ole Seehausen na wenzake, uliofanywa upande wa Tanzania, ulionyesha sababu nyingine. Fulu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakichafuka rangi hazionekani vyema, aina tofauti huzaana, na mpaka kati yao hufutika.

Zebaki ya Migori

Katika machimbo ya Migori, wachimbaji wadogo husaga mawe na kutumia zebaki kunasa dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hupaa, kisha hurudi ardhini na majini. Nyingine huachwa kwenye masalia ya mchanga na kusombwa na mvua hadi Mto Migori, unaoungana na Mto Kuja kabla ya kuingia ziwani katika Nyatike.

Ndani ya tope, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia katika miili ya viumbe wadogo, na kiwango chake huongezeka samaki mmoja anapomla mwingine. Kwa hivyo mbuta mkubwa huwa na zebaki nyingi kuliko omena. Tafiti za ziwa hili kwa jumla zimepata viwango vilivyo chini ya kikomo cha kimataifa katika samaki wengi, lakini sumu hii hudhuru ubongo, na aliye hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni. Ilifahamika ulimwenguni kutokana na maafa ya Minamata, Japani, yaliyotambuliwa mwaka wa 1956.

Hatua zinazohitajika

Sheria ipo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999, zilikataza kilimo kandokando ya mto kwa umbali wa mita 6 hadi 30, kulingana na upana wa mto. Mafunjo yanayoota huko huchuja udongo na mbolea kabla ya maji kufika ziwani. Kuyafyeka ni kuondoa kichujio ambacho hakuna aliyelipia. Kwa wachimbaji, kuna vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki ili itumike tena, jambo linalomwokoa mchimbaji mwenyewe kwanza.

Hata hivyo, Mto Kuja huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Mvuvi wa Nyatike hana mamlaka juu ya shamba lililo huko, ilhali kinachotoka humo humfikia yeye na nyavu zake. Usafi wa ziwa utategemea kaunti za juu na za chini kukubaliana kuhusu mto mzima, si ufuo pekee.