Ukipenda Kipepeo, Mpende na Kiwavi

Leo naanza kwa kukiri kosa. Nyuma ya nyumba yangu upo mlimau. Miaka michache iliyopita niliona majani yake yanaliwa, na nilipochungulia nikakuta viwavi. Wadogo walifanana na kinyesi cha ndege, wakubwa walikuwa wa kijani, na kila nilipowagusa walitoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Nikachukua dawa ya kunyunyiza, nikawamaliza.

Msimu uleule nikawa nalalamika kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwamba wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano hawaonekani tena mtaani kwetu. Mzee akacheka. "Bwana mtangazaji," akasema, "si umewaua mwenyewe?"

Naam, kosa hilo si langu peke yangu. Tangu zamani binadamu amempenda kipepeo akiwa na mabawa tu, na utoto wake hataki kuujua.

Karibu mwaka 1350 kabla ya Kristo, katika mji wa Thebes nchini Misri, alikuwako karani mmoja wa nafaka za hekalu aliyeitwa Nebamun. Ukutani mwa kaburi lake walimchora akiwinda ndege kwenye mafunjo, amesimama mtumbwini pamoja na mkewe na binti yake, huku paka wao akiwa amekwisha kunasa ndege wake. Katikati ya mabua na ndege wanaruka vipepeo. Mchoraji yule hakubahatisha. Aliyaweka mabawa ya rangi ya chungwa, ncha nyeusi na madoa meupe, hata wataalamu wa leo wamemtambua kipepeo huyo kwa jina lake la kisayansi, Danaus chrysippus. Picha yenyewe sasa imo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Lakini kipepeo wake huhitaji kumfuata London. Ndiye yule anayeruka polepole, kama mtu asiye na deni, katika viwanja vya Dar es Salaam na Mombasa.

Kwa nini hana haraka? Kwa sababu kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata baada ya kupata mabawa. Ndege akimwonja mara moja, hatamani mara ya pili. Rangi ile iliyompendeza mchoraji wa Misri ni onyo kwa ndege, na nguvu ya onyo hilo imetokana na chakula cha kiwavi. Ila kiwavi mwenyewe, pichani hayumo.

Ilipita miaka zaidi ya elfu tatu kabla ya kutokea mchoraji aliyesafiri mbali hasa kwa ajili ya kiwavi. Alikuwa mwanamke, Mjerumani, jina lake Maria Sibylla Merian. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli kutoka Amsterdam pamoja na binti yake, akaenda Suriname, Amerika ya Kusini. Nyakati hizo wapo watu Ulaya walioamini bado kwamba wadudu huzaliwa na uozo. Mama huyu akafuga viwavi, akawatazama siku hadi siku, akisaidiwa na watumwa wa Kiafrika na wenyeji wa nchi ile walioijua mimea. Mwaka 1705 akachapisha kitabu ambacho ndani yake kiwavi, pupa na kipepeo wamechorwa pamoja, juu ya mmea wanaoula. Kwa maneno mengine, alituonyesha kwamba kipepeo ana kwao.

Na uzuri wa kipepeo unaweza kumdanganya hata msomi. Barani kwetu yupo kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ni wa manjano na weusi, mwenye mikia. Majike wana sura nyingi mbalimbali, wengine wakimwiga yule mwenye sumu wa Nebamun, ingawa wao sumu hawana. Wataalamu wa Ulaya waliwahesabu kuwa jamii tofauti, hadi mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town alipoeleza kwamba hao wote ni jamii moja. Waliofuga viwavi baadaye wakathibitisha. Wale waliochomwa pini kwenye masanduku ya makumbusho wasingeweza kusema ni ndugu.

Sasa turudi pwani yetu. Mwaka 1993, huko Gede nchini Kenya, ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Wakulima wengi waliopakana na msitu huo walitaka wagawiwe mashamba, kwani msitu uliwapa nyani na ndovu wa kuwaharibia mazao. Mradi ukawafundisha kufuga viwavi. Mkulima hukamata vipepeo wachache wa kuzalia, huwalisha viwavi majani, kisha huuza pupa, ambao husafirishwa haraka kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Kazi hii ya pupa haitaki pupa: ukichelewa, mabawa yatafunguka sandukuni; ukiharakisha, umeua. Lakini msitu ukikatwa, mbegu ya biashara imekwisha.

Mwaka 2003 vijiji vya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, vikaanza mradi kama huo. Wakapata fedha za karo na mabati. Kisha mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, na kipepeo akaingizwa kundi moja na tumbili na wanyama wengine. Soko la nje likafungwa. Sikatai kwamba biashara ya wanyama ilikuwa na wezi wake, na mwizi lazima azuiwe. Nauliza tu: aliyepanda miti ya kulisha viwavi anafananaje na aliyeingia msituni na mtego?

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Tunapenda kanga zenye vipepeo, tunapenda picha zao ukutani, lakini kiwavi tunampiga dawa na msitu tunauita pori tupu. Mimi dawa nimeacha. Majani ya mlimau wangu yana matundu, malimau yanatosha chai yangu na ya jirani, na juzi asubuhi walikuja wawili, weusi wenye madoa ya manjano. Mzee wa jirani aliwaona kabla yangu, akaniita.