Pimbi

Pimbi ni mamalia mla majani anayeishi miambani katika sehemu nyingi za Afrika na baadhi ya maeneo ya Uarabuni. Ana uzito wa kilo 2 hadi 5, masikio mafupi, na mkia wake hauonekani, ndiyo maana wengi humdhania panya mkubwa. Ukweli unastaajabisha zaidi: jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Meno yake mawili marefu ya juu hukua maisha yote, kama pembe za ndovu, na korodani za dume hubaki ndani ya tumbo. Mimba huchukua zaidi ya miezi 7, muda mrefu mno kwa mnyama wa kimo hicho. Watoto huzaliwa wakiwa wamefumbua macho.

Nyayo zake hazina manyoya. Ni laini kama mpira, na tezi za jasho huzilowesha, hivyo hushika jiwe tupu hata kwenye mteremko mkali. Kidole cha ndani cha mguu wa nyuma kina ukucha uliopinda wa kuchania manyoya.

Mwili wake haudhibiti joto vizuri. Asubuhi huota jua kwa muda mrefu kabla ya kwenda malishoni, na usiku kundi hulala limesongamana. Huko Serengeti, spishi mbili tofauti hukaa katika majabali yaleyale na kupashana joto, jambo adimu miongoni mwa mamalia. Adui zake wakuu ni chui na tai mweusi; anayemwona kwanza hupiga ukelele, na wote hutokomea nyufani.

Perere, ndugu yake wa mitini, hupatikana Kilimanjaro na pia Unguja na Pemba.