Ukiandika tu, tunajua umetoka wapi

Mtandaoni mtu anaweza kuficha sura na jina, ila lugha inamuumbua. Chukua noti ya elfu moja. Mbongo anaiita "buku", kijana wa Nairobi anasema "thao". Huyo wa Nairobi akiomba "mbao" anataka shilingi 20, wa Dar atadhani anajenga nyumba. Mtu wa Bukavu naye anaandika "bintu" pale wengine tunapoandika "vitu".

Tatizo ni kuchekana. Mkenya anaambiwa hajui Kiswahili, Mkongo ndo usiseme. Watu wanasahau kwamba hata Kiswahili sanifu kilitokana na lahaja moja, Kiunguja, na kamati ya kukisanifisha iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sheng nayo ilikulia mitaa ya Eastlands, Nairobi, makabila yalipochanganyika.

Anayechekwa mwisho wa siku anahamia Kiingereza au ananyamaza kabisa. Halafu tunalalamika Kiswahili hakikui! Neno usilolielewa, uliza kwanza kabla hujacheka.

Haya, kwenu elfu moja mnaiitaje?