Ushahamu, Wala Si Kiribatumbo

Katika matangazo ya lishe yanayosomwa siku hizi hapa Arusha, na katika magazeti yanayoyanakili pasipo kuyapima, imekuwa ada kuwaambia wanawake kwamba kiribatumbo huzidisha hatari ya saratani ya matiti na kupunguza tamaa ya kupona. Na maadamu habari yenyewe ni ya kweli, tena yahusu roho za watu, nimeona si haki kuiacha ivikwe neno lisilolingana nayo kwa maana wala kwa heshima.

Kiriba tumelipokea kwa Waarabu, ambao qirba kwao ni ngozi ya mnyama iliyoshonwa ili kuchukulia maji safarini. Na aliyeliunga na tumbo alikusudia kutuonyesha tumbo lililotuna mithili ya ngozi iliyojazwa hadi mdomoni. Kwa malenga wa mashairi ya kukejeliana hiyo ni tamathali barabara. Kwa tabibu ni hasara mbili. Kwanza, kiriba ni chombo cha maji, na katika maradhi haya tumbo lijaalo maji aghalabu ni dalili ya saratani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini au utando wa tumbo, jambo lisilo na nasaba yoyote na unene. Pili, neno lataja tumbo peke yake, hata mama ambaye unene wake umekaa nyongani na mapajani atajitazama, aone tumbo lake halikutuna, aondoke akidhani wasia ule haukumhusu.

Wapo waliotaka kutuokoa kwa utipwatipwa, neno la kumsifia mtoto mchanga mwenye mashavu, lisilofaa kutamkwa mbele ya mama wa makamo aliyekuja kutaka shauri la maisha yake. Wengine wamependekeza unono, wakasahau kwamba miongoni mwa wafugaji wa pande hizi za Meru kila mtu ajua kinono ni mnyama aliyelishwa ili achinjwe. Waliobaki wakakimbilia uzito uliozidi. Na hilo, ijapokuwa halimvunjii mtu heshima, lataja mizani likauacha mwili, kwani mizani hupima mifupa, misuli, maji na mafuta pamoja bila kupambanua, na kile kipimo cha kugawa kilo kwa mraba wa urefu, alichokibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19 alipokuwa akichunguza hali za umma wala si za mgonjwa mmoja, nacho hakijui lipi ni fungu la mafuta na lipi silo.

Wataalamu wenyewe wamekwisha kutuonyesha kinachostahili kutajwa. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, chini ya Shirika la Afya Duniani, lilipohukumu kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa kuepukana na ziada hiyo hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi, halikuandika tumbo wala uzito, bali wingi wa mafuta mwilini. Kwa maana ovari zikiisha kupumzika, mafuta ndiyo hushika kazi ya kutengeneza estrojeni, homoni inayozilisha aina nyingi za saratani hii.

Basi neno ninalolitetea ni ushahamu. Shahm kwa Kiarabu ni mafuta ya mwili, yale meupe yashikamanayo na nyama na kuzifunika figo. Pwani yetu ililipokea zamani kwa umbo la shahamu, nalo limo katika kamusi za wazee, ilhali lugha ya leo imebakiwa na neno moja, mafuta, kwa ya taa, ya nazi, ya kujipaka na ya mwilini. Kulitia kiambishi cha u- ni kuifuata njia ile ile iliyotupatia udini kutoka dini na ushairi kutoka shairi, wala si bidaa.

Nimekwisha kulipeleka kwa maandishi mbele ya wenye mamlaka ya istilahi, nikaletewa jawabu fupi kwamba ni la Kiarabu mno na mwananchi hatalielewa; na jawabu hilo limeniudhi, sifichi, kwa udhaifu wa hoja yake. Saratani yenyewe ni Kiarabu, maana yake kaa wa baharini, ambaye matabibu wa Kiarabu walimpokea kwa Wayunani waliofananisha mishipa iliyotanda kando ya uvimbe na miguu yake; na wasemao kansa wamemrudia kaa yule yule kwa mlango wa Kilatini na Kiingereza. Hedhi, damu, dawa na tabibu, yote ni Kiarabu, na mama auzaye ndizi soko la Kilombero huyatamka pasipo mkalimani. Sisi wa Ngarenaro, ambao jina la kata yetu ni Kimasai, yaani maji meusi, tunaambiwaje kwamba neno la kupokea halikai?

Wala haja ya neno lenye adabu si ya pambo. Mwaka 2014 ulichapishwa mjumuisho wa chunguzi 82 za wanawake zaidi ya 213,000 waliougua saratani ya matiti, na ijapokuwa walipimwa kwa kipimo kile kile cha Quetelet, ilionekana kwamba waliokuwa na ushahamu kabla ya kugunduliwa walifariki, kwa sababu yoyote iwayo, kwa kadiri ya asilimia 41 kupita wenye uzito wa wastani. Na waliokonda kupita kiasi nao walizidi kufariki, hivyo kujikondesha si kinga. Kwetu kukonda kuna jeraha lake tangu UKIMWI uliposhtadi, aliyepungua akanong'onwa na aliyenenepa akaambiwa ana afya. Atakayemwita mama huyo kiribatumbo amemgeuzia sifa kuwa tusi, bali atakayemwambia ana ushahamu amemtajia kitu kilichomo mwilini, kama atajavyo damu au sukari.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema: ushahamu kwa ziada ya mafuta, mwenye ushahamu kwa mtu, ushahamu wa tumbo, tumbo likikusudiwa, na uzito kwa kisomwacho kwenye mizani tu, ndicho kinachotumika pamoja na urefu kukadiria dawa za saratani, ambazo mwenye ushahamu astahili kupewa kamili, asipunguziwe kwa kuuogopa mwili wake. Na mwenye uvimbe asingoje kupungua ndipo aende hospitali, kwani Tanzania wanawake takriban 8 katika kila 10 hugunduliwa maradhi yakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Kamati zikipata neno linalotaja mafuta kwa usahihi na kumhifadhia mama heshima yake kuliko hili, nitaliandika. Hadi hapo naandika ushahamu, na nawasihi wauguzi na wahariri wa pande hizi waandike vivyo hivyo.