Kiasi cha Sauti ya Redio Katika Nyumba za Ufipa

Mtu anunuaye redio kubwa ya spika mbili mjini Sumbawanga leo hupata kitufe cha sauti kisichomdai gharama ya kutisha. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya umeme kuenea, kiasi cha sauti nyumbani kilikuwa jambo la fedha kwanza, na la masikio baadaye.

Kusini mwa Ufipa, ng'ambo ya mpaka, kituo cha Lusaka kiliwapatia watu wa kipato kidogo, mwaka 1949, redio yenye umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake, iliyouzwa mbali, ilidumu kama saa 300. Redio ya namna ile ilikula betri karibu sawasawa, iwe inanong'ona au inapiga kelele. Redio ya transista, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, ilikuja na desturi nyingine: kadiri ipazavyo sauti, ndivyo imalizavyo betri. Hapo ndipo mwenye redio alipojifunza ubahili wa kitufe. Mawe, kama watu walivyoziita betri, yalipochoka yalianikwa juani yapate kusema tena kidogo. Wala jua halikuyajaza, bali joto liliyaamsha kwa kitambo tu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Kiasi kilichofaa pale kilijulikana bila chombo cha kupimia: sauti ya mtu mmoja aliyeketi katikati ya wenziwe akisema nao. Ni vigumu kupata kipimo bora kuliko hicho.

Umeme, ambao Sumbawanga iliupata kutoka Zambia kwa miaka mingi, ulimwondoa mwalimu huyo mkali. Hesabu za nguvu zilizoandikwa ubavuni mwa spika nazo hupumbaza wengi, maana nguvu ikizidishwa mara 10, sikio huona sauti imeongezeka kama mara 2 tu. Lakini apandishaye sauti asilaumiwe kabla ya kusikilizwa. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza ngurumo za chini kuliko sauti nyingine; hivyo ngoma iliyopunguzwa mno huonekana imepasuka.

Basi gitaa moja na mwimbaji mmoja waweza kusikika chumbani kwa ukubwa wao wenyewe. Kwaya ya watu 40 haiwezi, kwa kuwa hata wenyewe wasingeenea humo. Huyo asikilizwe kama anavyosikilizwa na aliyeketi benchi la mwisho kanisani. Shirika la Afya Duniani huruhusu desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Zikifika 90, saa hupungua hadi 4.

Lililo jepesi ni kuanza na taarifa ya habari, kitufe kigeuzwe mpaka msomaji awe kama mgeni aliyeketi kitini, kisha kiachwe hapo muziki ufuatapo. Masika huharibu mpango huu: mvua ikipiga bati, kitufe hupandishwa, na mvua ikikatika hakuna akumbukaye kukirudisha mpaka jirani abishe hodi.